Invoisi yako ni karatasi tu, bei "ya kweli" eti iko kwenye kompyuta ya forodha!

Wakuu wa Kigoma, Mwisho wa Reli, na nyie wa Kasulu, Uvinza na Kibondo mnaoagiza spea, vyombo na vifaa vya umeme kutoka nje, leo tuongee bila kupakana mafuta.

Mzigo umeshuka Dar. Ajenti wa forodha amejaza tamko, kaambatanisha invoisi, orodha ya vifurushi, BL (hati ya mzigo wa meli) na risiti ya benki ya kumlipa muuzaji. Siku zinapita, halafu kwenye mfumo wa forodha inarudi thamani nyingine kabisa, kubwa kuliko ya invoisi. Barua hakuna, sababu hakuna. Ajenti anapiga simu: "Bosi, wamepandisha. Tunalipa au tunabishana?" Mwenye mzigo yuko dukani Mwanga hapa Kigoma, kontena liko Dar, storeji inahesabu na dimareji (tozo ya kuchelewesha kontena) inanyemelea. Analipa. Na kila anayelipa kimya anaifanya ile bei ionekane halali kwa anayefuata.

Wanaosema "si pesa nyingi" waangalie hii hesabu. Mzigo umenunuliwa dola 10,000, nauli ya meli 1,800, bima 200. Jumla 12,000, na hiyo ndiyo thamani ya forodha, yaani kiasi ambacho ushuru unapigiwa hesabu. Ushuru wa 25% ni 3,000. VAT ya 18% inakaa juu ya 15,000, yaani 2,700. Jumla 5,700, tozo ndogondogo sijaziweka. Sasa ofisa aandike 18,000 badala ya 12,000: ushuru 4,500, VAT 4,050, jumla 8,550. Umeongezewa dola 2,850 kwa bidhaa zilezile, katoni zilezile. Aliyesajiliwa VAT atasema sehemu ya VAT ataidai kwenye ritani, yaani hesabu za VAT anazopeleka. Sawa, lakini duka dogo la Gungu ambalo halijasajiliwa linadai wapi? Na ushuru haurudi kwenye ritani ya mtu yeyote.

Sheria inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 122 pamoja na Jedwali la Nne. Mle kuna njia sita za kuthamini na zinafuatwa kwa mpangilio, huruki (ila ya nne na ya tano mwagizaji anaweza kuomba zibadilishane nafasi). Ya kwanza ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa kwa mzigo huo huo. Ikikataliwa kwa sababu za msingi ndipo unakwenda kwenye bidhaa zinazofanana kabisa, zilizosafirishwa kipindi hicho hicho au karibu nacho, kwa kiwango kile kile cha biashara (jumla kwa jumla, rejareja kwa rejareja) na wingi unaokaribiana. Halafu bidhaa zinazolandana. Halafu bei ya kuuzia hapa nchini ukitoa faida, usafiri na kodi. Halafu gharama za kutengeneza. Ya sita ni ya kubahatisha kwa busara, nayo ina mipaka.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo damu inachemka. Kwenye njia ya pili na ya tatu, zikipatikana bei kadhaa za kulinganisha, sheria inataka itumike ILIYO NDOGO kuliko zote. Ndogo! Tunachofanyiwa ni kinyume chake. Hata kwenye ile njia ya sita imekatazwa kutumia bei ya chini iliyowekwa kwa amri, imekatazwa bei ya kubuni, na umekatazwa mtindo wa kuweka bei mbili mezani na kuchukua iliyo kubwa. Kanzidata ya bei, ile ya kwenye kompyuta ya forodha, ipo kwa ajili ya kuchagua mafaili ya kukaguliwa. Ikigeuzwa sakafu ambayo hakuna invoisi inaruhusiwa kushuka chini yake, tayari ni bei ya chini kwa amri, hata ikipewa jina zuri namna gani.

Ofisa ana haki ya kutilia shaka invoisi, hilo silipingi. Na tuwe wakweli: wapo wenzetu wanaomwambia muuzaji awaandikie invoisi mbili, moja ya benki na moja ya forodha. Hao ndio wamewapa watu kisingizio. Lakini shaka ina utaratibu wake: uulizwe, upewe nafasi ya kuleta vielelezo, uambiwe kwa nini vimekataliwa. Shaka peke yake haijawahi kuwa bei.

Kuna mambo pia tunajichongea wenyewe. Chukua spea za bodaboda. Invoisi imeandikwa "vipuri vya pikipiki, katoni 40", basi. Ofisa atailinganisha na nini? Atachukua bei ya spea ya kampuni yenye jina, na wewe umeleta za kawaida. Inatakiwa iandikwe mstari kwa mstari: mnyororo 428H wa viungo 118, idadi ya vipande, bei ya kipande, sproketi ya mbele meno 14, ya nyuma 42, chuma gani, chapa gani au haina chapa. Weka na uzito halisi wa bidhaa bila katoni. Ukiweka uzito wa jumla tu, bei kwa kilo inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na faili linawaka taa nyekundu. Profoma, ile karatasi ya makadirio ya bei kabla ya kununua, usiipeleke kama invoisi. Punguzo la wingi lionekane kwenye invoisi yenyewe na kwenye kiasi ulichotuma benki. Ukimpa mtu dola mkononi akakulipie Guangzhou, China, huna cha kuonyesha.

Kwa sisi wa Kigoma kuna hili pia, na naona karibu kila mtu analiwa hapa. Muuzaji au msafirishaji anakupa bei moja ya "mpaka mlangoni Kigoma", kila kitu ndani. Usafiri unaoingia kwenye thamani unaishia pale mzigo unapoingilia nchini. Reli au lori la kutoka Dar kuja huku, zaidi ya kilomita 1,200, havitozwi ushuru, ILA sharti gharama yake itenganishwe kwenye karatasi. Ikiwa imevurugwa humo humo, unalipia ushuru hata nauli ya Dar–Kigoma. Mwambie akuandikie mistari miwili, basi. Wanaoleta kwa ndege, Jedwali hilo hilo linasema nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani. Kagueni matamko yenu muone ajenti ameijaza au la.

Mzigo wa kukusanya, yaani wa watu wengi kwenye kontena moja, wa kulipa kwa kilo au kwa ujazo, hapo pole. Tamko ni la jina la mtu mwingine, kubishia thamani mwenyewe ni kazi ngumu.

Ukipandishiwa, usilipe kwanza ndipo uanze kulalamika. Omba kwa maandishi maelezo ya jinsi thamani ilivyopatikana: njia ya ngapi, na kwa nini ya kwanza imekataliwa. Ni haki yako. Kama uamuzi wa thamani unachelewa, omba mzigo utoke kwa dhamana wakati mnaendelea kubishana. Kifungu hicho cha 122 kinaruhusu, na Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa Kurahisisha Biashara, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unataka kuachia mzigo kutenganishwe na ukokotoaji wa mwisho wa kodi. Halafu kifungu cha 229: ndani ya siku 30 tangu uamuzi unaomba mapitio kwa Kamishna wa Forodha. Naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kwa sababu. Akikaa kimya zikapita, sheria inahesabu ombi lako LIMEKUBALIWA. Kwa hiyo gonga muhuri wa tarehe ya kupokelewa kwenye nakala yako. Ajenti asiyetaka kugonga muhuri huo, badilisha. Ukikataliwa, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kwenda kwenye baraza la rufani za kodi.

NYONGEZA kwa walioniuliza PM kuhusu mizigo ya Manyovu, mpakani na Burundi: cheti rahisi cha uasili, kile kinachoonyesha bidhaa ni ya Afrika Mashariki ili isitozwe ushuru, kinafaa kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000. Vitenge vilivyofumwa Asia havigeuki kuwa vya Burundi kwa sababu vimelala Bujumbura wiki mbili. Na ushuru kuwa sifuri hakufuti VAT, kwa hiyo bado thamani inaangaliwa, bado invoisi inahitajika. Wanaovusha kwa boti ziwani, nauli ya boti mpaka Kigoma INAINGIA kwenye thamani, kwani hapa ndipo pa kuingilia. Dai risiti ya nauli hiyo kwa mwenye boti, la sivyo watakukadiria.