Hivi maofisa wa forodha mpakani mnatuonaje sisi abiria wa kawaida? Leo mmemdhalilisha mama yangu

Wakuu habari za usiku, naandika nina hasira hata chakula hakijapita, kwahiyo mpangilio mtanivumilia.

Leo tumevuka na bi mkubwa tukirudi Mbeya. Huku kwetu tunavukia Tunduma au Kasumulu, sitaji ni wapi maana nisije kuonekana nina bifu na mtu. Tulienda ng'ambo kumzika mama mkubwa, aliolewa kule miaka hiyo, wiki nzima tuko kule kwa hati ya dharura, tumezika tumeanua matanga tunarudi zetu. Mizigo yenyewe ni begi langu la mgongoni, begi la mama zipu ilishakufa limefungwa kamba, na mfuko una vitenge sita vya marehemu alivyogawiwa na wafiwa. Vitenge vishavaliwa, viwili vimepauka kabisa.

Uhamiaji hakuna shida niseme ukweli, tangu waanze hivi vituo vya pamoja unagongewa upande mmoja tu unamaliza, na yule binti wa dirishani alimwamkia mama akamwambia pole na msiba. Balaa liko mbele kwenye meza ya ukaguzi.

Jamaa kakaa anachati. Hana shikamoo hana karibu, anaonyesha begi kwa biro, "fungua". Mama ana miaka 67 na magoti mabovu, anahangaika na ile kamba, nasogea nimsaidie naambiwa we subiri zamu yako. Kamba ilivyofunguka jamaa kashika begi kaligeuza chini juu, kamwaga kila kitu mezani vingine vikaenda sakafuni. Nguo za ndani za mama yangu wakuu! Anazigeuza moja moja kwa biro mbele ya foleni nzima, matingo wa malori wapo, watoto wapo. Kakuta kichupa cha dawa ya presha kafungua ananusa. Sasa dawa ya presha unanusa unatafuta nini?

Akafika kwenye vitenge. "Mama unafungua duka?" Mama anamjibu taratibu, hapana mwanangu, ni vya marehemu dada yangu. "Wote mnasemaga hivyohivyo. Elfu arobaini na tano."

Hapo ndo nikakosea mimi. Nikamwambia sawa kiongozi, kama ni ushuru nitolee kontrol namba nilipe sasa hivi kwa simu, maana siku hizi hata kupaki gari mjini unalipa kwa kontrol namba. Uso ukambadilika. "Kumbe msomi eeh, haya kaeni pale." Pale ni benchi karibu na choo, tumekaa masaa mawili na nusu, kosta zinajaa zinaondoka, na kwa mbali unaona kabisa boda na magunia zinakata njia za panya hakuna anayehangaika nazo. Baadae kaja mwingine hana sare wala kitambulisho ananinong'oneza bro toa hata ishirini muende, giza linaingia. Ushuru gani unashuka bei kama nyanya za Mwanjelwa?

Nimetoa. Nitukaneni tu, mama alikuwa hajala na dawa zake anameza na chakula. Risiti hamna.

Nimefika nyumbani nikaitafuta ile sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ndo wanayoitumia. Nguo zako za matumizi hazilipiwi. Vitu vilivyotumika vya marehemu ulivyorithi vina msamaha wake kabisa umeandikwa. Mwanamke hapekuliwi mwilini na mwanaume, na ukiambiwa unapekuliwa mwili una haki ya kudai upelekwe kwanza kwa mkubwa wao. Pale ukutani hakuna karatasi hata moja inayokwambia haya, kuna kalenda na bango la rushwa ni adui wa haki.

Najua kuna atakayekuja kusema abiria nao wanaficha mizigo. Wanaficha ndio, leoleo nimeona mdada kavaa suruali tatu. Mkague, mkimkuta nazo mtozeni kwa risiti. Mimi sijakataa kukaguliwa, nakataa begi la mama yangu kumwagwa kama takataka.

Na kilichoniuma kuliko ile hela, wakati tunaokota nguo sakafuni mama kamwambia yule jamaa "ndaga". Kamshukuru! Jamaa hata macho hajatoa kwenye simu.

Kwenye kosta mama kanyamaza mpaka tunashuka stendi ya Nane Nane, ndo ananiuliza eti wale wa boda wanavusha mtu kwa shilingi ngapi.

Sasa mwenye uzoefu anisaidie, pale unadaije risiti bila kuwekwa benchi? 113 ya TAKUKURU ya kuripoti rushwa naijua, nataka aliyewahi kukomaa nao palepale mezani akapita. Mwezi ujao kuna arobaini na lazima tuvuke tena.