Ninunue CD au nipakue mafaili? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nataka kuanza kukusanya albamu ninazozipenda, ziwe zangu kabisa, maana inaniuma kuona wimbo upo leo kwenye programu ya kusikilizia na kesho umeondolewa.

Moyo wangu uko kwenye CD. Sauti yake haijabanwa: hupimwa mara 44,100 kwa sekunde (sampuli), kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16. Mara nyingi huja na kijitabu chenye majina ya watunzi na wapiga ala, na mimi hayo huyasoma yote. Nikiichoka naweza kuiuza au kumpa rafiki. Nikitaka kusikiliza kwenye simu, naihamishia kwenye kompyuta kwa FLAC (aina ya faili la muziki) bila sauti kupungua ubora. Tatizo, CD hukwaruzika, na kompyuta mpya nyingi hazina tena sehemu ya kuiingiza.

Mafaili hayajazi chumba, ila MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na diski ikifa huna nakala, basi tena.

Wenye uzoefu, CD zenu za zamani bado zinasoma? Mnazihifadhije? Na wa mafaili, nakala mnaweka wapi?