Shule za msingi za serikali Ubungo (Mbezi, Goba, Kibamba), kitaaluma zipi ziko vizuri?

MamaWawili_Makabe
Habari za humu wakuu. Naombeni mawazo, mwezi wa 12 tunahama Tabata tunahamia kwetu Mbezi Makabe, nyumba haijaisha lakini kodi imenichosha bora nikae humo humo bila dari. Nina wawili, wa kiume anaingia la tatu na wa kike anaanza la kwanza, wote walikuwa inglishi midiamu na kusema ukweli ada imetushinda, ujenzi na ada havikai nyumba moja. Tumeamua waende serikali. Baba yao anasema kayumba (shule ya serikali) ni kayumba tu, tafuta iliyo karibu peleka watoto maisha yaendelee. Mimi siamini kama zote zinafanana, maana nimeingia tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, nikachagua Dar, nikachagua Ubungo, nikawa nafungua shule moja moja za huku, nachuja za binafsi naacha za serikali, jamani zimepachana mbali kweli, unakuta mbili ziko kata moja lakini wastani hauendani kabisa. Sasa swali langu, hiyo tofauti ni ya ukweli au ni namba tu? Na nyie mnaoishi huko mlichaguaje?

Chaki_Nyeupe
Hongera kwa kuhamia kwako mama. Mimi ni mwalimu wa msingi manispaa nyingine hapa hapa Dar kwa hiyo sina shule ya kuipigia debe.

Tofauti ipo, ila wastani peke yake utakupoteza. La saba wanafanya masomo sita, kila somo 50, jumla 300. A inaanzia 241, B 181, C 121, na mtoto akiwa na C anahesabika kafaulu. Kwa hiyo ukimsikia mwalimu mkuu kikaoni anajisifu amefaulisha asilimia mia, muulize hiyo mia imekaa daraja gani, maana shule ambayo wote wamepata 125 na shule ambayo wote wamepata 230 zote zimefaulisha mia! Kitaifa 2023 na 2024 waliofaulu walizidi asilimia 80, kufaulu tu siku hizi sio habari. We shuka chini kwenye orodha ya watahiniwa uhesabu A na B, halafu tazama somo la English na Hisabati. Kiswahili usihangaike nacho, karibu kila shule wanakipata. English ndo inaangusha watoto wa shule zetu miaka yote, sasa ukikuta kayumba ambayo English ina B na C za kutosha, sio D na E kuanzia juu mpaka chini, ujue pale kuna mtu anafundisha.

Na usiangalie mwaka mmoja, angalia mitatu minne mfululizo, kuna mwaka shule inapata darasa lenye vichwa halafu mwakani wanarudi pale pale. Idadi nayo, shule yenye watahiniwa 30 usiifananishe na yenye 250, hata NECTA wenyewe enzi zile wanapanga nafasi walikuwa wanatenganisha za chini ya 40 na za 40 kwenda juu.

Jambo la mwisho, matokeo yote unayoyasoma ni ya mtaala unaoondoka. Mtaala mpya ulianza 2024 na watoto wako wote wawili watamaliza la sita, la saba hawafiki. Kwa ratiba iliyotangazwa, mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja, baada ya hapo wataalamu wa kulinganisha itabidi waanze upya.

BodaWaKibamba
Mwalimu kaeleza vizuri ila mimi nabeba watoto wa shule huku kila siku asubuhi na mchana nina langu la kuongeza. Zile zinazoongoza nyingi ziko karibu na lami, na wazazi wa pale jioni wanalipia tuisheni, na mtoto akibaki nyuma anatafutiwa mwalimu nyumbani, kwa hiyo ile A sio ya shule peke yake, wazazi wana mkono wao mle. Ukienda zile za ndani ndani mtoto katembea kilomita kadhaa, kafika kachoka, mwalimu yule yule chuo kile kile alichosoma mwenzake wa lami lakini ana watoto mia na zaidi chumba kimoja, wakati serikali inasema 45. Atafanyaje?

Halafu wazazi wengi wanakosea kuuliza habari za la saba tu. La saba na la nne ndo wana mtihani wa taifa, ndo wanapewa walimu wazuri, chumba kizuri, mitihani ya ujirani mwema (ya pamoja na shule jirani), moko (ya majaribio), wanabaki mpaka jioni. Wa kwako anaingia la tatu! Nenda siku ya kazi saa nne asubuhi, usiage, simama karibu na la pili na la tatu uone kama mwalimu yumo ndani au kelele tu. Uliza kama madarasa ya chini wanasoma kwa zamu, maana kuna sehemu mtoto anaingia mchana na anatoka kajifunza masaa machache sana. Na muombe jirani yeyote anayesomesha pale akupe daftari la Hisabati la mwanae ulifunue, tazama tarehe na tiki nyekundu. Mimi niliwahi kushika moja, kuanzia katikati ya mwezi wa pili mpaka wa tano hakuna hata tiki moja, mtoto kajibu maswali kurasa na kurasa, kakosea kujumlisha kwa kubeba kitu kile kile kila ukurasa na hakuna aliyemwambia. Na shule hiyo la saba inasifiwa.

Jongoo_wa_Upanga
Mpeleke Olympio au Diamond, serikali na Kiingereza juu, unahangaika nini

BodaWaKibamba
@Jongoo_wa_Upanga mkuu umesoma anakaa wapi? Makabe mpaka Upanga mtoto wa miaka 8 atoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri agombanie daladala, arudi giza. Na hizo za mchepuo wa Kiingereza wanalipa ada na nafasi zinagombaniwa hatari. Yeye kakimbia ada.

Mdau_Msigani
Mimi wanangu wako serikali huku huku na mkubwa yuko sekondari ya bweni anaendelea vizuri tu, kwa hiyo wasikutishe. Ila kwa hao waliozoea inglishi midiamu jiandae, mwanzoni atashuka. Hesabu atakuwa anaijua lakini akiambiwa kigawe kidogo cha shirika anashangaa, anaijua kwa Kiingereza. Wa kwangu ilichukua kama muhula mmoja akakaa sawa. Muhimu Kiingereza chake msikiache kife nyumbani, sekondari atakikuta tena na pale ndo wenzake wanapolia. Hilo kwangu lina uzito kuliko hizo wastani zenu. Yule wa la kwanza wala usimuwaze.

MamaWawili_Makabe
Asanteni sana, nimeshukuru. Nimerudi NECTA nimehesabu kama mwalimu alivyosema, ile niliyokuwa naikimbilia imejaa C tupu, A za kuokoteza, na kuna nyingine sikuifikiria kabisa B ziko za kutosha na English yao inaeleweka. Ubaya ni mbali kidogo, boda kwenda na kurudi kwa wawili inaanza kufanana na ada niliyoikimbia 😅 Jumatatu naenda kuchungulia madarasa. Uhamisho unakuwaje, natoka binafsi naenda serikali, wanakataa?

Chaki_Nyeupe
Hawakatai kama nafasi ipo. Wa la kwanza huyo ni kuandikisha tu kama mtoto mpya, nenda na cheti cha kuzaliwa mapema kabla ya Januari. Wa la tatu anza na mwalimu mkuu wa shule unayoitaka akukubalie kwanza, halafu ile ya zamani ndo wamhamishe kwenye PREM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi. Usiridhike na barua ya mkononi, hakikisha namba yake ya PREM imesomeka shule mpya, maana akimaliza la tatu anaingia la nne na bila hiyo usajili wa upimaji utakusumbua. Na lipa deni lolote la ada kabla hujaenda kuomba, shule nyingi za binafsi hapo ndo zinapomshikilia mtoto.

Habari ya boda, waulize akina mama wa mtaa wenu, mkifika wanne watano mnakodi bajaji ya mwezi.

BodaWaKibamba
Mwalimu unaniharibia biashara