Wakuu, picha za slaidi zinatoka nyekundu tupu

Kasuku Mweusi: Nasafisha picha bafuni kutoka slaidi (zile filamu za kuangaza ukutani) za Kodachrome za marehemu baba. Karatasi ni ile ya kawaida ya negativu za rangi (RA-4), naigeuza ikubali slaidi: dawa ya picha nyeusi na nyeupe kwanza, naosha, naiangaza kwa balbu, halafu dawa ya rangi na bliksi, ile dawa ya mwisho ya kuimarisha picha. Zote nyekundu! Arobaini ni Jumamosi, mashangazi nimeshawaahidi. Nibadilishe filta gani?

Binti Ungo: Pole kwa msiba. Si uskani tu ukachapishe? Watu mnapenda mateso.

Fundi Beseni: Kwa slaidi, rangi iliyozidi ndiyo unayoipunguza kwenye enlaja (mashine ya kukuzia picha), kinyume cha negativu. Toa filta za magenta (pinki-zambarau) na njano. Studio niliyoanzia, bosi alikoroga dawa kwa kijiko, na chai kwa kijiko hichohicho. Yu hai mpaka leo.

Mgosi: Tafuta Cibachrome, ndiyo karatasi ya slaidi.

Giza Nene: Ilishaacha kutengenezwa, mgosi. Mleta uzi, ukingo wa picha, pale palipofunikwa na fremu, una rangi gani?

Kasuku Mweusi: Nyekundu pia. Filta nimeshatoa zote.

Giza Nene: Pale mwanga wa enlaja haukufika, pangetoka peusi. Kuna taa humo.

Kasuku Mweusi: Mlango nimeziba kwa blanketi mbili.

Giza Nene: Sijauliza mlango.

Kasuku Mweusi: Kuna kataa kekundu. Kadogo! Miaka sita nakatumia kwa nyeusi na nyeupe, hakajaharibu kitu. Bila hako sioni beseni lipi ni lipi.

Giza Nene: Karatasi ya nyeusi na nyeupe haioni nyekundu, ya rangi inaiona. Tabaka la sayani (buluu-kijani) likishaungua na hiyo taa halitoi sayani tena, zinabaki magenta na njano, yaani nyekundu. Tumia tangi la mfuniko: pakia gizani, funga, ndipo uwashe taa.

Kasuku Mweusi: Tangi sina, karatasi zimebaki nne. Nikikafunga kitambaa je?

Mpelelezi: Subirini. Wiki jana kwenye uzi wa pikipiki ulisema mzee amekunyima mkopo. Leo arobaini? Hii chai, tena ya rangi.

Kasuku Mweusi: Yule ni baba mkwe!

Mgosi: Pikipiki ulipata? Nina moja nauza.

Kasuku Mweusi: Haya, nimezima. Karatasi iko mkononi. Beseni la kwanza nililiweka kushoto au kulia jamani?

Giza Nene: Unatuandikia kwa simu, humohumo bafuni?