Gumzo la majirani, Mwanga Kigoma: 3.0 na 3.0

Mama Zuhura: Habari za jioni jamani. Mtoto anatafutiwa kompyuta ya mezani. Nimeonyeshwa mbili za mtumba, bei moja: Pentium 4 ya GHz 3.0 na Core 2 Duo E8400, nayo 3.0. Si kasi ni ileile?

Fundi: Hapana mama, chukua Core 2 Duo. GHz inahesabu mapigo ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa sekunde, haisemi kila pigo limefanya kazi kiasi gani. Pentium 4 za toleo la Prescott, 2004, zinapitisha amri kwenye hatua 31. Ni kama mstari wa watu 31 wanaopokezana matofali: ikigundulika mwishoni kwamba yaliyoletwa siyo, yote yaliyo njiani yanatupwa. Core 2 ina hatua 14 tu, na ndani yake mna prosesa mbili kamili.

Kijana wa Katubuka: Shikamoo fundi. Mbona hiyo Pentium 4 kwenye Task Manager inaonyesha CPU mbili?

Fundi: Marahaba. Hiyo ni Hyper-Threading. Prosesa ni moja, inapokea kazi mbili kwa pamoja ili isikae bure.

Mwalimu: Ndiyo maana AMD, washindani wa Intel wenye hizo Pentium na Core, waliacha kuuza kwa GHz. Athlon XP 2400+ inakwenda GHz 2.0 tu, hiyo 2400 si kasi yake. GHz linganisha ndani ya familia moja, basi.

Mama Zuhura: Sasa nitaipimaje palepale dukani?

Fundi: Nenda na flashi yenye programu mbili: CPU-Z, na 7-Zip ya kubana faili. CPU-Z itakuonyesha jina halisi la prosesa. E8400 ikiwa imetulia itasoma kama GHz 2.0, yaani MHz 333 mara 6. Usishtuke, inabana umeme. Ukiipa kazi inapanda mara 9, inafika 3.0.

Kisha fungua 7-Zip, Tools, Benchmark. Dictionary, yaani ukubwa wa data ya jaribio, weka 32 MB kwa mashine zote mbili, na toleo la 7-Zip liwe lilelile. Pima kwanza kwa thread 1, yaani mkondo mmoja wa kazi, halafu kwa zote. Soma MIPS, yaani mamilioni ya amri kwa sekunde. Namba ya kufungua faili ndiyo inayoitegemea prosesa zaidi. Ile ya kubana inavutwa sana na RAM, kwa hiyo mashine yenye RAM ya polepole itaonekana dhaifu bila kosa la prosesa.

Iache dakika kumi, hapa ndipo wengi wanakosea. Matokeo ya dakika ya kwanza ni ya mashine baridi. MIPS zikianza kushuka, pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka, au hitisinki, chuma cha kuipoza, imejaa vumbi. Na Pentium 4 ikichemka huwa inaruka mapigo kwa vipindi, huku CPU-Z bado inaandika 3.0. Amini MIPS.

Mwalimu: Na LUKU pia. Prescott ya 3.0 imepangiwa joto la wati 84, E8400 wati 65.

Kijana wa Katubuka: Mimi ninayo hiyo Pentium 4. Naweza kupachika E8400 kwenye bodi yake?

Fundi: Kama soketi ni LGA775 itaingia, ila kuingia si kuwaka. E8400 inataka FSB 1333, yaani kasi ya njia kati ya prosesa na bodi, na BIOS, programu ya kuwashia bodi, inayoitambua. Bodi yenye chipu kuu ya 915 haitaiwasha. G31 au P35 sawa. Tuma picha ya maandishi yaliyo kwenye bodi, katikati ya nafasi za kadi.