Los Angeles–Honolulu: kwenda saa 2 na dakika 50, kurudi saa 8 na dakika 20? Naombeni ushauri

Mwana_wa_Pili:
Wakuu, salaam. Mwezi wa saba nampeleka mama Honolulu, tunaondokea Los Angeles. Ana miaka 71, miguu humvimba akikaa sana, na humeza dawa ya presha saa 2 asubuhi na saa 2 usiku bila kukosa. Tiketi inasema tunaondoka saa 3:00 asubuhi, tunafika saa 5:50 asubuhi. Kurudi tunaondoka saa 4:00 usiku, tunafika saa 12:20 asubuhi. Umbali si ni ule ule? Mama atakaa kwenye kiti muda gani hasa?

Kipanga:
Ni upepo huo, mkuu. Kule angani unavuma kwa nguvu sana.

Baharia_wa_Juu:
Kipanga, upepo upo, lakini unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo safari ya kwenda ndiyo inayochelewa, kurudi unawasukuma.

Mwana wa Pili, kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika. Geuza zote ziwe za Los Angeles. Hawaii hawabadilishi saa mwaka mzima, ila California husogeza mbele saa moja kuanzia Machi hadi Novemba, hivyo Julai wanapishana saa 3 (Desemba ni 2). Saa 5:50 ya Honolulu ni saa 8:50 mchana Los Angeles: mtasafiri saa 5 na dakika 50. Kurudi, saa 4 usiku ya kule ni saa 7 usiku Los Angeles, mnatua saa 12:20: saa 5 na dakika 20. Hiyo nusu saa ndiyo kazi ya upepo.

Umbali ni kama kilomita 4,110. Kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa ungepata chini kidogo ya saa 5, lakini ratiba huhesabu tangu ndege inapoachia lango hadi inapoegeshwa, pamoja na kusubiri zamu ya kuruka.

Mama_Wawili:
Pole na maandalizi, kaka. Mchukulie mama kiti cha kando ya ujia, asiombe njia kila akitaka kuinuka. Kila saa moja atembee kidogo, na akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu. Mkoba usiwe chini ya kiti cha mbele yake, utambana nafasi ya kunyoosha. Soksi za kubana aulize daktari kwanza, si kila mguu unaovimba unazifaa.

Dawa: kwa safari fupi, muulize daktari kama anaweza kubaki na saa za Los Angeles. Kule itakuwa saa 11 alfajiri na saa 11 jioni. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la mzigo.

Mwana_wa_Pili:
Mungu awabariki. Nimepiga hesabu tena: dozi ya asubuhi atameza uwanjani kabla ya kupanda, na siku ya kurudi ile ya jioni atameza hotelini, ya asubuhi tukishatua. Hakuna hata moja inayoangukia angani. Daktari amekubali. Simu yake ndogo nimeizuia isibadilishe saa yenyewe, na kwenye kifuniko cha kopo la dawa nimeandika kwa kalamu nzito: 2 na 2. Amelisoma bila miwani.