Tasnifu: niifungue ao niifunge?

Kutoka: Mtoto wa Birere, Ubelgiji

Bandugu, jambo kwenu wote.

Nilitetea mwezi uliopita, Mungu ashukuriwe, na sambusa za Mama Neema zilisifiwa kuliko kazi yenyewe. Sasa kuna fomu ya maktaba ya chuo inayonikalisha siku ya tatu. Wanataka nipakie tasnifu nzima kwenye hifadhi yao ya intaneti, halafu nichague: iwe wazi kwa kila mtu, ifungwe kwa muda, ao isomwe ndani ya chuo tu. Promota wangu (msimamizi wa kazi, si yule wa muziki) alisema nifunge miaka miwili mpaka makala zote zitoke. Niliitika haraka. Mtu amekubeba miaka minne, huanzi kubishana naye mlangoni.

Ila jioni ile nilipiga simu Goma. Mjomba wangu anayekaa upande wa Bulengo akauliza: "Ile kazi yako ya mazuku, tutaisomea wapi?" Nikakosa la kusema.

Kwa bandugu wa Lubumbashi wasioyajua: mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka chini ya ardhi, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake. Ina uzito wa karibu mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala mabondeni kama maji. Huioni. Mbuzi anashuka shimoni kufuata majani, hapandi tena. Mtoto anashuka kumfuata mbuzi. Saa mbaya ni usiku na alfajiri, kabla upepo haujaamka. Jina ni letu, na wanasayansi wa nchi zote wanaliandika hivyohivyo, mazuku, katika makala ambazo nyingine mjomba hawezi kuzifungua bila kadi ya benki. Na mashimo niliyopima ni yeye alinionyesha. Alitangulia na fimbo, akawa anatazama chini kama kuna wadudu waliokufa, ndipo ananiruhusu kusogea.

Nani amekwisha kupita hapa? Nikifungua, nitaharibu makala zangu? Na kazi inafikaje nyumbani kwa kweli, si kwa maneno?

—

Kutoka: Mzee wa Ibanda, Lyon

Mdogo wangu, hongera. Sasa wewe ni daktari asiyeweza kuandikia mtu dawa, karibu kwenye chama.

Mimi nilijiona mjanja, nikapeleka Bukavu nakala tatu za karatasi, jalada gumu, herufi za dhahabu. Moja imepotea. Nyingine sijui. Ya tatu iko katika kabati la ofisi fulani, ufunguo yuko nao bwana fulani, na huyo bwana yuko safarini tangu nikiwa na nywele. Usitegemee karatasi peke yake.

Kuhusu makala, hapa Ufaransa sheria ya Oktoba 2016 inaturuhusu kuweka wazi nakala ya mwisho iliyokubaliwa na jarida, miezi 6 baada ya kutoka kwa sayansi, 12 kwa fasihi na jamii, hata kama ulitia sahihi karatasi ya mchapishaji inayosema kinyume. Sharti ni kwamba nusu ya fedha ya utafiti ao zaidi ilikuwa ya umma. Mimi naweka zangu kwenye HAL, hifadhi ya wazi ya Ufaransa. Ya Ubelgiji Mama Neema ataeleza, ndiyo kazi yake.

—

Kutoka: Mama Neema, Liège

Mwanangu, sambusa zilisifiwa kwa sababu walikuwa na njaa, ulizungumza saa nzima na dakika ishirini.

Usichanganye tasnifu na makala. Tasnifu ni yako, hakuna mchapishaji anayeidai. Majarida mengi ya sayansi hayahesabu tasnifu iliyowekwa na chuo kuwa chapisho la kwanza, lakini soma masharti ya majarida yako mawili kabla hujabonyeza. Ukikuta moja linakataa, huna haja ya kufunga yote: uliza maktaba yenu kama mnaweza kufunga sura ile moja kwa muda. Mara nyingi promota anasema "miaka miwili" kwa mazoea. Rudi kwake na masharti yamechapishwa mkononi, umuulize kwa heshima ni sura gani inayomtia wasiwasi.

Makala nazo, Ubelgiji ina sheria yake tangu 2018, karibu sawa na ile ya Mzee wa Ibanda: miezi 6 kwa sayansi, 12 kwa wengine, ikiwa nusu ya fedha ao zaidi ni ya umma. Unachoweka ni maandishi yako yaliyokubaliwa, si zile kurasa nzuri zenye nembo ya jarida. Hapo watu wengi wanateleza. Kwa hiyo lile faili la Word la mwisho usilifute! Mimi kila wiki naona mtu ameshika PDF ya mchapishaji tu, lake mwenyewe amelitupa pamoja na kompyuta ya zamani.

Hapa Liège hifadhi yetu ORBi ipo tangu 2008, na chuo kilikata mzizi mapema: makala isiyowekwa humo haihesabiwi mtu anapoomba kupandishwa cheo. Ghafla kila profesa akajua kupakia. Na hata kilichofungwa kina kitufe cha kumwomba mwandishi nakala, mtu anaandika barua pepe yake, wewe unaamua. Kama chuo chako kina kitufe hicho, basi mjomba hayuko nje kabisa hata ukifunga.

Mambo mawili ambayo watu wetu hawaambiwi. Kwanza jina. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na mashine za huku hazijui lipi ni lipi. Nimeona ndugu mmoja wa Bukavu amekuwa watafiti watatu tofauti, kila mmoja na makala mbili, na hakuna anayeonekana wa maana. Chukua namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti mmoja tu, ni bure, tarakimu 16, uiweke kila mahali. Pili leseni. Fomu itakuuliza Creative Commons ipi, yaani unawapa watu ruhusa gani ya kutumia kazi yako. Watu wanachagua yenye ND (yaani usiibadilishe) kwa woga wa kuibiwa, na hiyo ndiyo inayokataza mtu kusambaza tafsiri. Ukiichagua, mwalimu wa Goma atakayeitia sura yako katika Kiswahili hana ruhusa ya kuigawa. Chukua CC BY, wanakutaja jina, inatosha.

—

Kutoka: Mwalimu wa Himbi, Goma

Watoto wetu, tunawasoma, tunafurahi. Mniruhusu niseme kutoka upande wa kupokea.

Mtoto wa Birere alinitumia kiungo cha nakala ya majaribio. Faili lina mega 94. Nilinunua mega za siku, nikaweka simu dirishani, ikafika sitini na kitu, mtandao ukaanguka, ikaanza upya. Mara ya tatu ni saa tano usiku ndipo ilishuka. Nimeifungua, na uzito wote ni picha! Picha za mashimo, kila moja kubwa kama ukuta. Mngetukatia sura kwa sura, na picha ndogo, hata wanafunzi wangu wangeisoma kwenye simu.

Halafu nikapeleka ramani ya mazuku iliyomo ndani kwa kijana wa fotokopi barabarani. Hapa ndipo nilishtuka. Kwenye skrini, mahali pa hatari ni pekundu na mahali salama ni kijani. Mashine yake ni ya rangi nyeusi tu. Nyekundu ikatoka kijivu, kijani ikatoka kijivu kilekile. Nikashika karatasi, siwezi kujua mtoto acheze wapi. Mbaya zaidi, jirani alichungulia akasema, "Kumbe kote ni sawa." Ramani hiyo ikibandikwa kanisani namna ile, afadhali isibandikwe. Weka mistari ya mshazari penye hatari, wacha peupe penye usalama. Fotokopi haiwezi kuharibu mistari.

Na majina. Umeandika namba za GPS, watu hapa wanasema "kwa shimo la Mama fulani", "nyuma ya dispensari". Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoambiwa kuhama, umati ulienda Sake kwa miguu na watu wakalala popote walipochoka. Usiku ule hakuna aliyekuwa na GPS. (Mjue pia kwamba wauza viwanja hawatakupenda. Hiyo ni juu yao.)

Kuhusu majarida ya kulipia: vyuo vyetu vinaweza kujiandikisha Research4Life, mpango unaofungulia vyuo vya nchi maskini majarida hayo, na Kongo iko kundi la bure. Ni chuo kinachojiandikisha, si mtu mmoja. Wanafunzi wengi hawajui kwamba wana haki ya kumdai mkutubi neno la siri. Waulizeni waliobaki vyuoni.

—

Kutoka: Mtoto wa Birere, Ubelgiji

Aksanti sana, wazee wangu.

Promota amekubali. Alipoona masharti alicheka, akasema hata yeye alikuwa anarudia aliyoambiwa na promota wake. Sura ya nne tu ndiyo inafungwa miezi 6, mengine yako wazi, CC BY. Picha nimezipunguza, faili zima sasa ni mega 11, na kila sura iko peke yake. Kuna kurasa nne za Kiswahili mwanzoni, Mwalimu alizisahihisha, alinikatia neno "msongamano" mara sita. Mtu anakuja kupitia Kigali wiki ijayo na fleshi tatu.

Ramani mpya ya mistari nilimtumia mjomba kwa WhatsApp. Alikaa kimya siku nzima, halafu ikaja sauti ya dakika nne. Shimo namba 7 nimeliweka upande usio wake wa barabara. Anasema ameshawahi kutoa mbuzi wawili humo, hawezi kukosea. Chuo kinaruhusu masahihisho madogo mpaka Ijumaa, nahamisha alama sasa hivi.